KUVAA NA KUWA: IGIZO DHIMA NA KOSPLEI SI KITU KIMOJA

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili

Somo la mwaka huu linahusu uraibu wa aina mbili ambao vijana wengi huutaja kwa pumzi moja, kana kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili. Uraibu wa kwanza ni igizo dhima, yaani kuchukua nafasi ya mtu mwingine ukasema na kuamua kama yeye. Wa pili ni kosplei, yaani kujitengenezea maleba na kujipamba mpaka ufanane na mhusika fulani wa hadithi, filamu au katuni.

Mtaniuliza, kuna haja gani ya kuchambua michezo? Haja ipo, tena kubwa. Chama chetu kina kipindi kimoja kwa wiki na kijisanduku kimoja cha fedha. Wapenzi wa maleba wanataka vitambaa, gundi na rangi. Wapenzi wa igizo wanataka muda wa kuzungumza tu. Kila upande unauona mwenzake kama wezi wa kipindi. Zaidi ya hayo, kila mmoja wa michezo hii una hatari yake, na anayeichanganya hawezi kujikinga na hatari asiyoijua. Basi tusome pamoja.

MAANA NA CHIMBUKO

Tuanze nyumbani. Nani kati yetu hakucheza kalongolongo? Mmoja ni baba, mwingine ni mama, ugali ni udongo na mboga ni majani ya ua. Hapakuwa na nguo maalumu wala mtazamaji. Mtu mzima akipita na kusimama kutazama, mchezo uliharibika kwa haya. Hilo lilikuwa igizo dhima kamili, nasi tulilijua kabla ya kujua kusoma.

Duniani, igizo dhima kama uraibu wa vijana na watu wazima lilipata nguvu kubwa mwaka 1974, wakati Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walipotoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani. Mmoja ni mwendesha mchezo, naye hueleza mahali walipo na yanayowakabili; wengine kila mmoja ana mhusika wake na husema atafanya nini. Kete hurushwa ili kuamua kama jambo limefaulu. Hakuna anayelazimika kuvaa chochote. Hata walimu na wakufunzi wa wauguzi hutumia igizo dhima darasani: mmoja awe mgonjwa, mwingine awe muuguzi, wajifunze namna ya kuzungumza kabla ya kukutana na mgonjwa wa kweli.

Kosplei nayo ina historia yake. Mwaka 1939 mjini New York, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za sayansi, watu wawili, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, walikuja wamevaa mavazi ya watu wa siku zijazo. Mavazi hayo aliyashona Myrtle mwenyewe. Jina kosplei lilikuja baadaye sana, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka kwa Mjapani Nobuyuki Takahashi, aliyeunganisha vipande vya maneno mawili ya Kiingereza, la mavazi na la mchezo. Hapa kwetu Kenya, tamasha la NAICCON la Nairobi limewakutanisha wapenzi wa katuni na michezo ya kompyuta, na miongoni mwao huwamo vijana waliovaa maleba waliyojitengenezea.

Mnaona basi kwamba hata wazazi wa michezo hii ni tofauti. Mmoja ulizaliwa mezani, kwenye mazungumzo. Mwingine ulizaliwa kwenye cherehani.

MFANO: SIMBA WA TSAVO

Somo bila mfano ni mchuzi bila chumvi. Tuchukue kisa ambacho kila mtoto wa Voi amekisikia. Mwaka 1898, reli kutoka Mombasa ilipofika mto Tsavo, simba wawili walianza kuwala wajenzi wa daraja, wengi wao wakiwa vibarua kutoka India. Msimamizi wa ujenzi alikuwa John Henry Patterson. Vibarua walizungushia kambi maboma ya miiba, simba wakapenya. Mwanzoni mwa Desemba vibarua wengi walidandia gari moshi wakakimbia, na kazi ikasimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Mwezi huo huo Patterson aliwaua simba wote wawili. Mwaka 1924 aliziuza ngozi zao kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000, nao wangali huko mpaka leo.

Makundi yetu mawili yalikichukua kisa hicho hicho, kila moja kwa njia yake.

Kundi la maleba liliamua kutengeneza simba. Walikusanya magunia, kadibodi na nyuzi za mkonge, maana mkonge Taita Taveta hatununui mbali. Mwenzetu mmoja akafuma manyoya marefu ya shingoni, mazuri kweli kweli. Mwingine akamwambia, "Dada, pole, lakini hawa simba hawakuwa na manyoya hayo." Wakabishana. Wakatafuta picha za simba wale wa Chicago, wakathibitisha: walikuwa madume, lakini shingo zao zilikuwa kavu, kama ilivyo kwa madume wengi wa Tsavo. Manyoya yakaondolewa. Halafu wakasoma kwamba simba mmoja alikuwa na chonge lililovunjika na ugonjwa kwenye mzizi wa jino. Nalo likatengenezwa hivyo hivyo, bovu. Kazi ilichukua karibu muhula mzima, na siku ya maonyesho aliyelivaa hakusema neno hata moja. Hakuhitaji. Watu walimzunguka, wakatazama, wakauliza maswali, wakapiga picha.

Kundi la igizo dhima halikutengeneza kitu. Waliketi kwenye madawati yaliyopangwa duara. Mmoja akawa Patterson, mmoja fundi wa mawe, wawili vibarua, mmoja mzee wa Kitaita aliyeleta chakula kambini kuuza, na mmoja mwendesha mchezo. Swali lilikuwa moja tu: usiku umeingia, mwenzetu ameburutwa kutoka hemani, je, kesho twende kazini au tupande gari? Hakuna aliyekuwa na karatasi ya maneno. Patterson akatoa amri, vibarua wakakataa, fundi akataka kujua mshahara wa waliokufa atapewa nani. Mwenzetu ambaye darasani hunyoosha mkono labda mara moja kwa muhula alisimama kama kibarua akasema, "Bwana mkubwa, wewe unalala juu ya mti na bunduki. Sisi tunalala chini na jembe." Darasa zima likanyamaza. Mwishowe vibarua wa kwetu hawakukimbia. Walidai maboma mapya na malipo kwa familia za marehemu, wakapata. Historia haikwenda hivyo, lakini mchezo ulikwenda hivyo.

Kisa kimoja, kazi mbili mbalimbali kabisa.

TOFAUTI TANO

Kutokana na mfano huo tunaweza kuzitaja tofauti zifuatazo.

Kwanza, mahali kazi ilipo. Katika kosplei kazi kubwa iko mikononi: kupima, kukata, kushona, kubandika, kupaka. Katika igizo dhima kazi iko ulimini na akilini: kusikiliza, kujibu, kushawishi, kukubali na kukataa.

Pili, asili ya mhusika. Mwana kosplei humchukua mhusika aliyekwisha kuumbwa na mwingine, na sifa yake ni uaminifu. Akikosea rangi ya mkanda, mashabiki watamwambia. Mcheza igizo dhima hupewa mwanzo tu wa mhusika. Yaliyobaki huyaumba mwenyewe kadiri mambo yanavyojiri.

Tatu, hadhira. Kosplei huomba kutazamwa. Maleba yaliyofungiwa sandukuni hayajakamilika. Igizo dhima halihitaji mtazamaji, kwa kuwa wote waliomo ni wachezaji. Hapa pia ndipo igizo dhima linapotofautiana na mchezo wa kuigiza wa jukwaani kama ile ya tamasha la drama la shule, ambako maneno yameandikwa na waamuzi wameketi mbele.

Nne, mwisho. Mwana kosplei anajua tangu siku ya kwanza kitu anachokitafuta, yaani kufanana na picha ile. Mcheza igizo dhima hajui ataishia wapi. Raha yake imo katika kutojua.

Tano, gharama. Kosplei hula fedha, hata ukitumia magunia. Igizo dhima hula muda na ujasiri. Asiye na shilingi anaweza kucheza igizo dhima leo jioni, na mwenye haya anaweza kufanya kosplei bila kufungua kinywa. Kwa hiyo tusimdharau mtu kwa uraibu aliouchagua. Huenda amechagua mlango ambao anaweza kupita.

Kama bado mnachanganyikiwa, kuna kipimo chepesi. Vua nguo za mhusika, ubaki na sare yako ya shule. Je, mchezo unaendelea? Kama unaendelea, hilo ni igizo dhima. Sasa funga kinywa. Je, mchezo unaendelea? Kama unaendelea, hiyo ni kosplei.

BENI: VILIPOKUTANA VYOTE VIWILI

Wapo watakaosema mambo haya ni ya Wazungu na Wajapani. Nawajibu kwa kisa cha Waswahili wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa kulizuka ngoma ya beni, jina lililotokana na neno la Kiingereza la bendi ya tarumbeta. Watu walijigawa katika vyama vilivyoshindana. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika baadaye kukawa na Marini na Arinoti. Walivaa sare zilizofanana na za maafisa wa Kizungu, wakaenda kwa gwaride, wakapiga ngoma na tarumbeta. Vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo majeshi yake yalipita hapa hapa Voi, Maktau na Taveta, vilisaidia kuieneza beni bara, kwa kuwa askari na wapagazi walikwenda nayo.

Ukiwatazama kwa mbali ungesema hii ni kosplei ya zamani, watu wanaiga mavazi ya wakubwa. Baadhi ya Wazungu waliwacheka kwa sababu hiyo. Lakini mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma za Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mlikuwa na zaidi. Vyama vile vilikuwa na vyeo, wafalme na majenerali wao, na wenye vyeo waliwaongoza wenzao. Wanachama walisaidiana katika ugonjwa na mazishi. Ngoma ikiisha na sare kuvuliwa, jenerali aliendelea kuheshimiwa na wanachama wake.

Sasa tumia kipimo chetu. Vua sare ya beni: cheo kinabaki. Basi lilikuwamo igizo dhima ndani ya maleba, na ndani ya igizo hilo mlikuwa na uongozi wa kweli. Maafisa kadhaa wa kikoloni waliitazama beni kwa shaka, na si kwa sababu ya vifungo vya koti. Waliona watu wanaojizoeza kuongoza na kuongozwa wenyewe.

HATARI ZILIZOFICHIKA

Sasa nafika mahali paliponifanya niandike. Katika shule moja niliyopata kuijua kulichezwa igizo dhima la baraza la wazee. Msichana wa kidato cha kwanza alipewa dhima ya mama aliyeshtakiwa kwa uchawi. Alicheza vizuri ajabu: alilia, akajitetea, akawageukia washitaki wake mpaka wakababaika. Kengele ya chakula ikalia, watu wakakimbilia foleni. Hakuna aliyesema mchezo umekwisha. Hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Jioni bwenini mtu mmoja akamwita "mchawi" kwa utani. Siku ya pili watano. Mwanzoni naye alicheka. Wiki ya tatu hakuna aliyetaka kunywa kwa kikombe chake, na kila aliyeugua tumbo alitazama kitanda chake. Kufikia mwisho wa muhula wazazi wake walikuwa wamemhamisha. Jamani, katika Pwani yetu hii wazee wamepoteza maisha yao kwa shutuma za uchawi. Hilo si neno la kumwachia mtoto alale nalo.

Mwana kosplei akimaliza, hufungua vifungo, na kila mtu huona kwamba simba amebaki mkononi na mtu ameonekana. Dhima haina vifungo. Humvaa mtu katika sauti na katika macho ya wenzake, na lazima ivuliwe kwa maneno. Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote tano nilizozitaja. Anayedhani igizo dhima ni kosplei isiyo na nguo atasahau kumvua mwenzake.

Kosplei nayo ina yake. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala za polisi bila idhini, hivyo anayetaka kuwa askari wa katuni na abuni sare ambayo haipo duniani. Tena maleba huwaalika watu kumshika mvaaji, kumvuta mkia au kumcheka umbo lake. Mwulize kwanza kabla ya kumgusa au kumpiga picha. Aidha, si kila vazi la jadi ni la kuchezea. Mwazindika, ngoma ya Wataita, huhusishwa na kuwatuliza wenye pepo. Anayeicheza kwa imani haigizi, na vazi lake si maleba. Ukitaka kulivaa, nenda kwanza ukawaulize wazee, uketi usikilize. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Vazi lisilo na maarifa ndani yake ni mkakasi.

USHAURI KWA CHAMA

Baada ya kuyapima haya yote, napendekeza hivi. Kipindi cha Ijumaa kiwe cha igizo dhima, kwa kuwa lugha hukua kwa kusemwa na kila mwanachama anaweza kushiriki bila kutoa senti. Fedha za sanduku zitumiwe kwa maleba ya kazi moja tu kwa mwaka, itakayoonyeshwa siku ya wazazi, na kila kipande kiandikiwe maelezo ya Kiswahili: kimetengenezwa kwa nini, na kwa nini kiko vile. Hivyo mshoni naye atakuwa mwandishi.

Na kila igizo dhima lifungwe kwa utaratibu. Wachezaji wasimame. Mwendesha mchezo amwite kila mmoja kwa jina lake la kweli. Kila mmoja ajibu, "Mimi ni fulani, si yule niliyemwigiza," kisha aseme jambo moja alilojifunza. Dhima za aibu, kama mwizi, mlevi au mshitakiwa, zisipewe mtu mmoja mara mbili mfululizo, wala asilazimishwe asiyetaka. Utaratibu huo hauchukui dakika tano. Kengele ya chakula itasubiri.

MAZOEZI

1. Taja tofauti tano kati ya igizo dhima na kosplei, kwa mifano isiyo ya simba wa Tsavo.

2. Tembo wameingia shambani Sagalla usiku na kumaliza mahindi. Chezeni igizo dhima la mkutano wa kijiji: mkulima, ofisa wa wanyamapori, mwenye mizinga ya nyuki ya kuwafukuza tembo, na mwenye hoteli ya watalii. Msiandike maneno kabla.

3. Chagua mhusika mmoja wa hadithi ya kwenu. Eleza kwa aya mbili maleba yake, na sababu ya kila kipande.

4. "Beni ilikuwa mchezo tu." Jadili.

5. Mwenzako ameitwa kwa jina la dhima aliyoigiza juzi, naye hacheki. Utasema nini, na utamwambia nani? Jibu swali hili kwa vitendo kabla ya kulijibu kwa maandishi.